Msanifu Hajui Mbao Mpaka Aione Ikivunjika

Katika elimu zote apewazo mwanafunzi wa usanifu majengo, sijui iliyo rahisi kuisema na ngumu kuishika kuliko elimu ya mbao. Kila mtu amekwisha kuikalia, kuilalia, kuifungua na kuifunga kwa umbo la mlango, na mazoea hayo ya utotoni humfanya adhani kwamba anaijua tabia yake. Ilhali zege na feleji, kwa kuwa hakukua navyo mikononi, huviendea kwa hadhari, akauliza uzito wake, akapima nguvu zake, na akakubali kufundishwa. Mwalimu wa somo la mbao, kwa hiyo, hana budi kwanza kuing'oa dhana hiyo ya kujua, ndipo apande maarifa mahali pake. Na dhana hiyo haing'oki kwa kalamu, wala kwa picha, wala kwa programu za kompyuta hata zikiwa stadi namna gani. Hung'oka pale mwanafunzi achaguapo mwenyewe kipande cha mbao, akakisifu, akakikadiria nguvu, akakitia katika mashine, kisha akakitazama kikivunjika mahali asipopatarajia. Nadai katika safu hii kwamba ufundishaji wa majengo makubwa ya mbao usioandamana na utafiti wa namna hiyo ni mapambo ya mtaala, na kwamba vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, vilivyo karibu na misitu na mbali na maabara, vina haja ya jambo hili kuliko vingi vinavyolisifia.

Tuanze na asili ya habari yenyewe. Tangu kale nguvu ya boriti ilikuwa na mpaka mmoja usioshindika, nao ni unene na urefu wa mti uliokatwa. Mwaka 1906 Otto Hetzer, seremala na mwenye karakana huko Weimar nchini Ujerumani, alipewa hati ya uvumbuzi wa kubandika mbao nyembamba kwa gundi, moja juu ya nyingine, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, hata zikawa boriti moja inayoweza kupindwa na kurefushwa kupita mti wowote. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Graz nchini Austria, Gerhard Schickhofer alimaliza tasnifu ya udaktari katika uwanja uliofuatia huo: mabamba mapana yaliyotungwa kwa tabaka za mbao, nyuzi za tabaka moja zikikingamana na nyuzi za tabaka inayofuata, hata bamba zima likaweza kubeba mzigo kwa pande zote mbili na kuwa ukuta au sakafu bila kusaidiwa na kitu kingine. Hakuwa peke yake; wenye viwanda vya kupasulia mbao, waliokuwa wakitafuta matumizi ya mbao zao hafifu, walishirikiana naye, na mwaka 1998 mabamba hayo yakapata idhini za kwanza za kiufundi nchini humo. Tuzo ya Marcus Wallenberg aliyopewa mwaka 2019 ilikuwa shukrani kwa kazi iliyofanywa hasa chuoni, katika maabara, pamoja na wanafunzi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 2009 jengo la ghorofa 9 lilisimama Murray Grove, London, ghorofa 8 kati ya hizo zikiwa za mabamba ya mbao yaliyoinuliwa na maseremala 4 kwa siku 27. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, kilifungua bweni la wanafunzi 404 lenye ghorofa 18. Mwaka 2019 Wanorwe walimaliza mnara wa mita 85.4 huko Brumunddal, na mwaka 2022 mji wa Milwaukee, Marekani, ukapata jengo la ghorofa 25 lenye mita 86.6, ambalo mbao zake zimekaa juu ya ghorofa za chini za zege. Urefu wa majengo haya ndio unaopigiwa mbiu, lakini kwa mwalimu mimi naona urefu ni jambo dogo. Bweni la Vancouver lina fundisho kubwa zaidi katika mambo mawili ambayo mpita njia hayaoni: kwamba kabla ya kuinua nguzo ya kwanza, wajenzi walitengeneza kielelezo cha ghorofa 2 kwa vipimo halisi ili wajaribu viungo vyake, na kwa sababu hiyo mbao zote ziliinuliwa chini ya siku 70, na kwamba ndani ya mabamba ya sakafu vilitiwa vipima unyevu, ili watafiti wa chuo wajue mbao inavyokunywa na kutoa maji mwaka baada ya mwaka. Jengo limekuwa makazi, na papo hapo limekuwa maabara.

Nguvu ya hoja ya kujenga kwa mbao, kama inavyosemwa leo, hutegemea sana habari ya hewa ya ukaa. Ni kweli kwamba nusu hivi ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyovutwa na mti kutoka hewani, hata mita moja ya ujazo ya mbao za misindano ikawa imefungia ndani yake kiasi cha robo tatu ya tani ya hewa hiyo. Na ni kweli kwamba utengenezaji wa saruji hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu. Lakini namsihi mwalimu mwenzangu asilianze somo kwa hesabu hiyo. Mwanafunzi aliyeingia katika somo la mbao kwa mlango wa sifa hutoka kwa mlango huo huo. Hujifunza kuitetea mbao kabla hajajua inavyooza, na kuichora kila mahali bila kuuliza mti umetoka msitu gani, umepandwa tena au haukupandwa, na jengo litadumu miaka mingapi kabla kaboni hiyo haijarudi hewani kwa kuungua au kuoza. Hesabu ya kaboni ina masharti, na masharti hayo hayafahamiki ila kwa aliyekwisha kuijua mbao yenyewe.

Mbao ni nini, basi, kwa mtu anayetaka kuijengea? Ni kitu chenye upande. Chuma huvutwa kaskazini kusini au mashariki magharibi, kikajibu sawasawa. Mbao haijibu hivyo. Kanuni za Ulaya zinaitaja mbao ya daraja la C24, ambalo ndilo daraja la kawaida la mbao za kutengenezea mabamba haya, kuwa na nguvu ya nyutoni 14.5 kwa kila milimita ya mraba ivutwapo kwa urefu wa nyuzi zake, na nyutoni 0.4 tu ivutwapo kukingama nyuzi hizo. Tofauti hiyo, iliyo zaidi ya mara 30, ndiyo chanzo cha viungo vyote vilivyobuniwa na maseremala wa dunia, ulimi na tundu lake, misumari ya mti na ya chuma, kamba za mtepe na skrubu ndefu za leo. Na ndiyo chanzo cha ajali nyingi za wasanifu waliochora tundu karibu na ukingo wa boriti wakidhani wanatoboa chuma. Nimewaona wanafunzi hodari, wenye alama nzuri katika mitihani ya hesabu za miundo, wakiduwaa mbele ya boriti iliyopasuka kwa urefu wake kutoka kwenye tundu la bolti, ilhali hesabu yao ilisema itavunjika katikati kwa kupindika. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa swali walilolijibu. Swali la pili, la nyuzi kuachana, hawakujua kwamba lipo. Mwanafunzi aliyekwisha kuusikia mlio ule wa nyuzi zikiachana huchora viungo vyake kwa namna nyingine maisha yake yote, na mimi sijaona hotuba ya darasani iliyopata kufanya kazi ya mlio huo.

Katika vyuo vilivyoifahamu siri hii, kile cha Massachusetts huko Amherst kinastahili kusimuliwa kwa kituo. Chuo kilikusudia kujenga jumba la kuweka pamoja idara tatu zilizokuwa zimetawanyika: usanifu majengo, usanifu wa mandhari pamoja na mipango ya miji, na teknolojia ya ujenzi. Michoro ya awali ilikuwa ya feleji. Walimu wa fani ya mbao, Peggi Clouston miongoni mwao, walihoji: vipi chuo kinachofundisha na kutafiti mbao kitawaweka wanafunzi wake ndani ya mifupa ya chuma? John W. Olver, aliyeliwakilisha eneo hilo katika Bunge la Marekani kwa miaka mingi, akaiunga mkono hoja hiyo. Michoro ikabadilishwa na ofisi ya Leers Weinzapfel ya Boston, na jumba likafunguliwa mwaka 2017, nalo lina jina la Olver. Sakafu zake ni mabamba ya mbao yaliyounganishwa na tabaka jembamba la zege kwa nyavu za chuma zilizogundishwa ndani ya mbao, ili zege libebe mgandamizo na mbao ibebe mvuto. Na muungano huo Clouston na wenzake walikuwa wameutafiti miaka mingi kabla haujapata nyumba ya kukaa.

Hapa ndipo utafiti na ufundishaji vinapoacha kuwa mambo mawili. Mwanafunzi wa Amherst akiinua macho kutoka kwenye meza yake ya kuchorea huona boriti, huona kiungo cha boriti na nguzo, huona kitako cha chuma kilichoizuia nguzo isinywe maji ya sakafu, na mwalimu wake hana haja ya kuonyesha picha. Idara tatu zinazoishi chini ya dari moja hukutana ngazini, na yule anayesoma namna ya kujenga humsahihisha yule anayesoma namna ya kusanifu kabla kosa halijafika kwenye karatasi ya mtihani. Wakuu wa vyuo wanaopanga majengo mapya hawajali vya kutosha jambo hili: fedha za jengo la chuo ni fedha za kufundishia, zitumike zisitumike kwa nia hiyo.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, huko Corvallis, kilipata fundisho lake kwa njia ya uchungu zaidi. Kilikuwa kikijijengea jumba jipya la sayansi ya misitu, la mbao, kwa fahari ya mahali ambapo msitu ndio uchumi. Na mwezi Machi 2018, ujenzi ukiendelea, bamba moja la sakafu lilibanduka tabaka zake na sehemu yake ikaanguka ghorofa ya chini. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyejeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbao zilipashwa joto kiwandani kabla ya kupakwa gundi, na joto hilo likaiwahisha gundi kukauka kabla mbao hazijashindiliwa pamoja vya kutosha. Mabamba yaliyotiliwa shaka yakabadilishwa, na jumba likafunguliwa mwaka 2020.

Wapo wanaoitaja habari hii kama aibu ya mbao, na wapo wapendao mbao ambao hawaitaji kabisa. Wote wamekosea. Mimi ningeiweka katika wiki ya kwanza ya muhula, kwa kuwa inamfundisha mwanafunzi jambo ambalo michoro haimwambii: kwamba bamba lililo zuri kwa macho linategemea dakika chache za gundi, joto na mgandamizo ambazo msanifu hakuziona, na kwamba msanifu asiyejua kuuliza maswali juu ya dakika hizo hana uwezo wa kulikagua bamba linapofika kazini. Zege lina tajriba zake za kila siku, vipande vya mche vinavyovunjwa baada ya siku 7 na siku 28, na kila fundi wetu anavijua. Mbao za gundi nazo zina tajriba zake za kupasua mistari ya gundi na kupima kama ufa umepita ndani ya mbao, jambo ambalo ni zuri, au ndani ya gundi, jambo ambalo ni hatari. Mwanafunzi hana budi kuzifanya kwa mkono wake.

Oregon inastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Chuo hicho cha Corvallis, chenye wanasayansi wa mbao na wahandisi, kimefanya taasisi moja ya pamoja na Chuo Kikuu cha Oregon kilichoko Eugene, chenye wasanifu majengo, ili wale wanaojua mti usivyotii na wale wanaojua jengo linavyotamaniwa wafanye kazi katika karakana moja. Miji hiyo miwili imeachana kwa mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Msomaji anishikie habari hii, nitaihitaji mbele.

Ulaya kuna mikondo mingine, nayo nitaipitia kwa haraka, ijapokuwa mmoja ni wa faida kubwa kwetu. Shule ya usanifu ya Architectural Association ya London ina msitu wake wenyewe huko Hooke Park, Dorset, ambako wanafunzi hujenga kwa miti waliyoikata mita chache kutoka mahali pa kazi; mwaka 2016 walisimamisha banda la kuwekea vipande vya kuni ambalo tao lake limetungwa kwa panda za miti, mfano wa panda za manati ila kubwa, zilizopimwa kwa mashine moja moja na kuchongwa viungo kwa mkono wa roboti, hata umbo alilolifanya Mungu katika mti likatumika kama lilivyo. Nao mkondo ninaousema kuwa wa faida kwetu ni wa Lausanne, Uswisi, ambako Julius Natterer alianzisha maabara ya miundo ya mbao mwaka 1978. Natterer alipenda mbao za kawaida, nyembamba, za bei ndogo, akazishikanisha kwa misumari na skrubu mpaka zikawa sakafu nene na mapaa ya kuba; na mrithi wake katika maabara hiyo, Yves Weinand, pamoja na wenzake, walisimamisha mwaka 2017 ukumbi wa tamthilia wa Vidy, ambao mabamba yake ya mbao yameshikana kwa ndimi na matundu yaliyochongwa katika mbao zenyewe. Katika nchi isiyo na mashinikizo makubwa ya gundi, wala gundi yenyewe ila iliyotoka ng'ambo, elimu ya misumari na ndimi ni ya kutangulizwa.

Juu ya moto sina haja ya maneno mengi, ingawa ndilo swali la kwanza la kila mtu. Mbao nene ikiungua hujifanyia tabaka la mkaa linaloizuilia joto, na kanuni za Ulaya hukadiria kwamba moto hula milimita 0.65 kwa dakika, yaani kiasi cha milimita 39 kwa saa nzima. Kwa hiyo msanifu huongeza unene wa kuungua juu ya unene wa kubeba. Feleji isiyokingwa, ipatapo joto la nyuzi 600 za Selsiasi, imebakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake. Hoja hiyo ni sahihi lakini ina tundu, nalo ni gundi: gundi zilizolainika kwa joto ziliachilia tabaka la nje lianguke, mbao mpya ikafunuka na moto ukaanza upya, na kwa sababu hiyo kanuni ya Amerika ya Kaskazini ilirekebishwa mwaka 2018 ili kudai gundi zilizothibitishwa dhidi ya jambo hilo. Mwalimu akiisema nusu ya kwanza bila ya pili atakuwa amemdanganya mwanafunzi.

Sasa tugeukie kwetu. Pwani ya Waswahili haikuwa ngeni katika elimu hii. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja ni vyembamba na virefu, upana wake ukiwa kiasi cha mita tatu au pungufu, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyopima chumba. Na boriti hizo hizo, zikipakiwa majahazini, zilivuka bahari zikaenda kupima vyumba vya Oman na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Wakataji wa mikoko wa Lamu waliipanga miti kwa unene wake, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na kazi yake na bei yake, na hilo, kwa lugha ya vyuo vya leo, ni utaratibu wa madaraja ya mbao uliokuwa ukifahamika na mjenzi, mfanyabiashara na mwenye nyumba kwa pamoja. Silsila ile ya maarifa haikuingia katika vyuo. Shule zetu za usanifu zilipoanzishwa, Nairobi katika miaka ya 1950 na baadaye Dar es Salaam katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, zilianzishwa katika zama za zege, na mbao ikapewa nafasi ya kenchi za paa, milango na fomu za kumwagia zege.

Na nafasi hiyo ndiyo iliyonayo sokoni hadi leo. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Mufindi, liko shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kandokando yake mashamba ya wananchi yasiyo na idadi, yamejaa misindano iliyoletwa kutoka asili yake huko Meksiko pamoja na mikaratusi. Mbao zake hushuka kwa malori hadi Dar es Salaam, mbili kwa nne, moja kwa nane, zikashikilia zege bichi kwa wiki chache, zikapigwa misumari mara mbili tatu, kisha zikawa kuni. Yaani mti uliokua miaka mingi hutumika kama chombo cha muda cha kutengenezea kitu kingine. Laiti ingekuwa mbao hizo hazifai kwa zaidi ya hapo nisingalisema neno. Lakini zinafaa au hazifai, na kwa kiasi gani, ni jambo linalotaka burhani.

Kwani msindano wa Mufindi si msindano wa Uswidi. Ule wa kaskazini hukua kwa baridi na polepole, ukavunwa baada ya miaka sitini, themanini, hata mia. Wetu hukua kwa jua na mvua, ukavunwa baada ya miaka ishirini na ushei, na mkulima mdogo mwenye ada za shule za kulipa huukata kabla ya hapo. Mti ukatwao mchanga una sehemu kubwa ya mbao ya ujana iliyouzunguka moyo wake, na mbao hiyo ni nyepesi zaidi, dhaifu zaidi, na hufupika kwa urefu ikaukapo, hata ubao ukajipinda. Kwa hiyo majedwali ya C24 yaliyopatikana kwa kuvunja miti ya Ulaya hayawezi kutumika juu ya mti wetu kwa heshima tu ya kitabu. Lazima mti wetu uvunjwe, kwa wingi, kutoka mashamba mbalimbali na umri mbalimbali, ndipo ujue una daraja gani. Fauka ya hayo, mabamba ya gundi hutaka mbao zilizokaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, na hewa ya Pwani huirudishia mbao unyevu kuliko hewa ya Graz. Na kuvu huanza kustawi unyevu upitapo asilimia 20. Na yuko mchwa, ambaye mtaalamu wa Uswidi hana sababu ya kumfikiri, na ambaye vitabu vingi vya majengo marefu ya mbao vinavyofika mikononi mwa wanafunzi wetu humtaja kwa mstari mmoja au havimtaji kabisa. Nani atakayemtafiti mchwa katika bamba la mbao nene kama si sisi?

Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo, ila wametengana. Wanasayansi wa mbao wako Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wasanifu majengo wako Dar es Salaam. Mafundi wa viwanda vya mbao wanafundishwa Moshi, katika Chuo cha Viwanda vya Misitu. Kati ya Morogoro na Dar es Salaam ni kilomita 190 hivi, na sijui wanafunzi wangapi wa usanifu wamepata kuivuka njia hiyo ili kumwona mwenzao anayesoma mti. Oregon ilikuwa na hali kama hiyo, ikaitibu kwa taasisi moja ya pamoja, bila kuhamisha chuo wala kuvunja idara.

Atanijibu mtu kwamba hatuna viwanda, na kwamba kufundisha kitu kisichouzwa ni kupoteza muda wa wanafunzi. Nakiri kwamba hoja hii ina uzito. Lakini Graz ilipoanza haikuwa na soko. Ilikuwa na wenye viwanda waliotatizwa na mbao zisizouzika na chuo kilichokuwa tayari kuwasikiliza, na hali hiyo ndiyo ya Mufindi leo. Tena kule Unguja, mwaka 2021, ulitangazwa mpango wa mnara wa ghorofa 28 na mita 96 huko Fumba, wa mbao zilizochanganywa na zege. Utajengwa lini na kwa namna gani si kazi yangu kuagua. Ninachouliza ni kwamba siku ukijengwa, au ukijengwa mwingine ulio mdogo kwake, wataalamu wa kuukagua watatoka wapi, na mbao zake zitatoka msitu gani. Atanijibu mwingine kwamba kujenga kwa mbao ni kumaliza misitu. Msitu wa asili, wenye mininga na mikongo, sitaki ukatwe hata ubao mmoja kwa ajili ya mabamba haya, wala hauhitajiki. Maneno yangu yote ni juu ya mashamba yaliyopandwa, ambayo mwenyewe hukata apende asipende, na ambayo bei nzuri ya mti uliokomaa ingemshawishi kungoja.

Basi nawasihi wakuu wa shule zetu za usanifu, na wizara zinazowapa fedha, wasianze na mnara wala na kompyuta mpya. Waanze na chumba kimoja chenye mashine ya kuvunjia boriti, kipima unyevu, tanuri dogo la kukaushia na meza ya seremala mzoefu aliyeajiriwa kama mwalimu, kwa cheo na mshahara wa mwalimu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili achague mbao za Mufindi, azipange kwa macho, azikadirie, azivunje, na aandike alichokiona katika daftari moja la chuo, la pamoja na Morogoro, lisilofungwa mwisho wa muhula. Na wale wa mwaka wa nne wajenge kwa misumari na ndimi sakafu moja ya kweli, katika jengo la kweli la chuo, waiache ikanyagwe na kupimwa na wadogo zao. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na maelfu ya mbao zilizovunjwa, nalo litaweza kutumiwa na wenye mamlaka ya viwango kuandika madaraja ya miti yetu wenyewe. Gharama ya chumba hicho haifikii gharama ya ghorofa moja ya zege, na mbao za kuanzia ziko sokoni Buguruni leo.